Niliruka Vipindi vya One Piece, Nikaishia Kutolia Msibani

Juzi msomaji kaniandikia kuhusu One Piece, hadithi ya Kijapani ya maharamia: "Kaka, One Piece ina vipindi zaidi ya 1,100. Niruke vipi nipate utamu tu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mtu, na jibu lake bado linaniuma.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Jamaa mmoja, aliyejiona mwalimu wa anime (katuni za Kijapani za kutazama) wa hosteli nzima, alinijazia flashi akasema, "Hayo ya mwanzo ni maji matupu. Nenda Marineford, kwenye vita." Nikamtii. Ace akafia mikononi mwa nduguye Luffy, haramia mkuu wa hadithi, chumba kizima wanapangusa macho, mimi nimekaa kama mtu aliyepita msibani kwa watu asiowajua akingojea pilau.

Nikaiacha. Miaka miwili baadaye nikarudi mwanzo kabisa, safari hii kwa manga yenyewe, yaani katuni ya kusoma, ile Eiichiro Oda aliyoianza mwaka 1997. Ndipo nikakutana na Going Merry, kimeli chenye kichwa cha kondoo kwenye omo, ambacho kina Luffy walipewa na Kaya, binti wa kijijini kwa mwenzao Usopp. Wakifika Water 7, mji wa waunda meli, mafundi wanakipima na kusema mkuku umevunjika, hakitengenezeki tena. Luffy anaamua watafute meli nyingine. Usopp anakataa, wanapigana marafiki kwa marafiki, naye anajitoa kundini. Halafu meli hiyohiyo mbovu inawafuata Enies Lobby, kisiwa cha serikali, bila nahodha, inawaokoa, na ikishawatoa ndipo inakatika. Luffy anaichoma moto kwa mkono wake huku akiiomba radhi, nayo inawashukuru. Nililia kwa ajili ya mbao. Tena mbao za kuchorwa!

Na hayo ndiyo niliyoambiwa ni maji. Yule bwana tunasalimiana, lakini flashi yake sijaigusa tena.

Sasa ushauri. Usiruke hadithi. Anime ikikuchosha, na itakuchosha, hamia kwenye manga. Toei, kampuni ya anime hiyo, wanaitengeneza tangu 1999, na wakikimbia watampita Oda kabla hajachora, kwa hiyo kwa miaka mingi wamekuwa wakivuta: mtu anakodoa macho nusu dakika, ya kipindi kilichopita yanarudiwa. Sehemu iitwayo Dressrosa ina sura 102 kwenye manga, kwenye anime ikawa vipindi 118. Hapo mimi nilisoma, na sijutii hata kidogo. Vipindi vya nyongeza, ambavyo Oda hakuviandika kwenye manga, ruka upendavyo, isipokuwa vile vya G-8 baada ya sehemu ya Skypiea. Hivyo vinachekesha kweli. Ila hadithi yenyewe, narudia, usiiruke.

Maana nyinyi vijana tatizo lenu ni haraka. Mtu anaangalia muhtasari wa dakika kumi, kesho anabishana na mimi kuhusu Zoro, mpiga panga wa Luffy! Mimi niliyesoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, bando la usiku, hadi adhana ya alfajiri! Unataka uchungu wa kuagana na watu ambao hujasafiri nao?

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na kipindi cha kwanza. Ukifika cha 37, pale Nami, mwongoza meli wa kina Luffy, anapojichoma kisu begani na hatimaye kumwomba Luffy msaada, ndipo uniandikie tena habari za kuruka.