Kwa Mnaoanza Muhimbili: Nyumba Mbili Ndani ya Uzio Mmoja

Wadogo zangu, kila mwaka wanafunzi wapya wa chuo chetu cha sayansi za afya wanapoanza kuingia wodi za Hospitali ya Taifa Muhimbili, muuguzi wa zamu huwauliza swali moja jepesi: "Ninyi mmetoka wapi?" Na kila mwaka hakosekani anayejibu kwa kujiamini, "Sista, sisi ni wa hapahapa." Nilitoa jibu hilo hilo nilipokuwa na umri wenu. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwa nini lilikuwa na kasoro, na nilipoelewa niliona kwamba kasoro yenyewe haikuhusu adabu hata kidogo, bali historia ya mahali nilipokuwa nimesimama.

Hakuna somo la historia ya Muhimbili kwenye ratiba yenu, wala halihitajiki ili kufaulu mtihani wa anatomia. Hata hivyo, mambo mengi yanayomchanganya mgeni hapa, kuanzia majina ya majengo hadi idadi ya barua za ruhusa anazotakiwa kuzitafuta, yanaeleweka mara moja kwa mtu anayejua mahali hapa palivyoanza na palivyogawanyika.

Anzeni na majina ya majengo ya wodi, kwa kuwa mtayataja kila siku. Jengo la Sewahaji limebeba jina la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuiandaa misafara iliyokwenda bara, na ambaye mali yake ilisaidia kuanzisha hospitali Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huo Wajerumani walikuwa na hospitali yao ufukweni, ile ya Ocean Road, iliyohudumia Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwa Sewa Haji. Kwa hiyo hospitali iliyozaa hii ya leo ilikuwa ya wale wasiopokelewa kule kwingine, na jina hilo lilihamia hapa pamoja na kazi yenyewe. Kibasila nalo ni jina la kiongozi wa Uzaramo wa enzi za Majimaji. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akimweleza mgonjwa kwamba Kibasila alikuwa daktari bingwa wa zamani. Mgonjwa, mzee wa Kisarawe, alimtazama kwa huruma, akamsahihisha taratibu huku akifungua mkono ili apimwe presha.

Hospitali tunayoijua ilijengwa na Waingereza miaka ya hamsini, ikafunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, binti wa familia ya kifalme ya Uingereza aliyezuru Tanganyika mwaka huo huo. Baada ya uhuru jina hilo likaondolewa, ikaitwa Muhimbili. Ilikuwa hospitali kubwa, lakini haikuwa na shule ya udaktari. Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, na nafasi zilikuwa chache mno. Ndiyo maana nchi ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika, na hesabu iliyozoeleka kutajwa ni 12. Jaribuni kuifikiria idadi hiyo mnapokaa darasani mkilalamika kwamba viti havitoshi.

Mwaka 1963 Wizara ya Afya ilifungua Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, na mafunzo yake ya mwanzo yalikuwa ya stashahada. Mwaka 1968 shule hiyo ikapandishwa kuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kuanzia hapo kukawa na jambo ambalo halijaisha hadi leo: walimu walikuwa wa chuo kikuu, wagonjwa walikuwa wa hospitali ya Wizara, na wote walikutana kwenye kitanda kimoja. Nani mwenye sauti hapo kitandani? Mwaka 1976 serikali ilijibu kwa kuviunganisha kitivo na hospitali kuwa taasisi moja iliyoitwa Muhimbili Medical Centre, ili kufundisha, kutibu na kutafiti viwe chini ya uongozi mmoja. Wakongwe wengi bado wanasema "MMC" kwa mapenzi ya wazi. Mkiwasikia, msidhani wamekosea jina. Wanakumbuka kipindi ambacho jibu la "hapahapa" lilikuwa sahihi.

Mwaka 1991 kitivo kilikua na kuwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tulizoea kukiita MUCHS. Kisha mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria iliyoivunja ile taasisi moja na kuzaa mbili zinazojitegemea: chuo upande mmoja, Hospitali ya Taifa Muhimbili upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, na nakiri kwamba kwetu hakuna kilichoonekana kubadilika. Korido zilikuwa zile zile, na ndugu wa wagonjwa waliendelea kusubiri saa ya kuona wagonjwa wakiwa na vikapu na hotpoti za uji. Kilichobadilika kilikuwa mahali tusipotazama, yaani kwenye bodi, bajeti, mikataba ya ajira na mamlaka ya kusaini. Mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), na Profesa Kisali Pallangyo akawa makamu mkuu wa chuo wa kwanza. Ndiyo sababu shahada za walimu wenu wengi zina jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ingawa walisoma katika majengo haya haya.

Sasa nije kwenye matumizi. Daktari anayewaongoza kwenye raundi ya wodi anaweza kuwa mwajiriwa wa chuo au wa hospitali, na mara nyingi hamtajua kwa kumwangalia, maana koti jeupe ni moja. Lakini dawa, kitanda, faili na zamu ya wauguzi ni vya hospitali. Mwanafunzi anayelichukua faili bila kumwomba muuguzi mfawidhi huwa hana nia mbaya. Anadhani tu kwamba mwalimu wake akimtuma, ruhusa imeshapatikana. Nililipata somo hili nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya mkoa. Nililiondoa faili kitandani ili nikaandike historia ya mgonjwa vizuri mezani, mbali na kelele. Nusu saa baadaye mgonjwa alibadilika hali, na muuguzi akalitafuta faili lile wodi nzima ili aone kama alikuwa na mzio wa dawa aliyotaka kumpa. Mgonjwa alipona, lakini uso wa yule mama alipolikuta faili mbele yangu ninaukumbuka kuliko karipio lolote la profesa.

Kwenye utafiti tofauti hii huonekana zaidi. Kibali cha maadili cha chuo hakifungui mlango wa wodi. Hospitali nayo hutoa ruhusa yake, kwa utaratibu wake na kwa muda wake. Mwanafunzi anayeanza kuomba ruhusa ya pili baada ya kuipata ya kwanza, huku tarehe ya kuwasilisha ripoti ikimkaribia, huwalaumu makarani, ingawa makarani hawana kosa. Andaeni nyaraka za pande zote mbili tangu mwanzo. Kumbukeni pia kwamba ndani ya uzio huu kuna taasisi nyingine zenye uongozi wake, kama ile ya mifupa, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ile ya moyo iliyopewa jina la Rais Jakaya Kikwete. Mgonjwa akihamishwa mita mia moja, huenda amehamia kwa mwajiri mwingine.

Mloganzila ni mfano wa karibuni zaidi. Hospitali ile ilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini kwenye eneo la chuo lililo mbali na uzio huu, ikafunguliwa rasmi mwaka 2017 ikiwa hospitali ya kufundishia ya MUHAS, na mwaka 2018 uendeshaji wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa. Kwa hiyo mtakapopangiwa kule, ondokeni hapa Upanga alfajiri kwa sababu ya foleni ya Barabara ya Morogoro, na mkifika mjue kwamba, kama huku, mwenye wodi ni hospitali.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wa mjini hulichukia: kupelekwa vijijini kwa masomo ya afya ya jamii. Wengi huliona kama likizo mbaya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba hospitali zetu kubwa zote ziko mijini na huwafaidisha watu wachache, ilhali mzigo wa kuzilipia ni wa mkulima, na katika miaka ya sabini serikali ikaelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya. Kitivo kilichokua katika hewa hiyo kisingeweza kumfundisha daktari ndani ya Upanga peke yake. Mtakapokaa kwenye benchi la zahanati mkamwona mganga mmoja akipokea foleni ya asubuhi nzima, mtaelewa pia kwa nini barua ya rufaa inayofika Muhimbili ina mistari miwili tu, na hamtaicheka tena.

Basi Jumatatu mtakapofika wodini, tafuteni kwanza meza ya wauguzi, salimieni kabla ya kushika chochote, na mtakapoulizwa mmetoka wapi, semeni: "Shikamoo sista, tumetoka chuoni, tunaomba ruhusa ya kuwaona wagonjwa."