Plako ngapi kwa ukuta mmoja? Mafundi wanawajibu wasomaji

Swali (Mama wa Ibanda, Bukavu): Ninagawa sebule kwa ukuta wa plako (bamba za jasi) ili nipate chumba cha watoto. Ukuta una urefu wa mita 4,20, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2,50. Nafasi ya mlango ni mita 0,90 kwa 2,10, inaanzia mita 1 kutoka kona ya kushoto. Devi (makadirio ya gharama) ya fundi inasema plako 8, muuzaji anasema 6 zinatosha. Nani ananidanganya?

Jibu: Hakuna, mama. Muuzaji amegawanya, fundi amechora. Muuzaji alizidisha 4,20 kwa 2,50 akapata mita za mraba 10,50, akatoa mlango (1,89), zikabaki 8,61. Pande mbili ni 17,22. Plako ya BA13 (yenye unene wa mm 12,5) ya mita 1,20 kwa 2,50 ni mita za mraba 3, kwa hiyo 5,74, yaani 6. Hesabu haina kosa. Kasoro yake ni kudhani kwamba vipande vilivyokatwa mlangoni vitaungwa viwe plako nzima. Fundi wa kushona hapimi kitenge hivyo.

Chora upande wa kwanza, ukianzia kushoto: plako nzima hadi 1,20, nyingine hadi 2,40, nyingine hadi 3,60, kisha nusu. Mlango unakata kipande katika zile mbili za kwanza, lakini zote mbili unazinunua nzima. Upande wa pili anza na nusu: 0,60, halafu 1,80, 3,00 na 4,20. Viungio vya pande mbili visikutane kwenye montani (nguzo ya chuma ya wima) moja. Jumla ni 7, na nusu mbili zinatoka katika plako moja. Makali yaliyokatwa yaelekee ukuta wa zamani, yale membamba ya kiwandani yaelekee kiungio. Ya 8 ni ya ajali. Plako moja ina uzito wa kilo 28 hivi na pembe zake huvunjika kirahisi. Kwa barabara na miteremko ya Bukavu, hiyo si anasa.

Utaona kwamba hakuna kiungio kilichoangukia kwenye ukingo wa mlango, 1,00 au 1,90. Fundi akikupangia kiungio hapo ili apunguze idadi ya plako, kataa. Kila mlango ukibamizwa, ufa utaanzia hapo.

Reli (vyuma vya mlalo vinavyoshika montani chini na juu) ndizo zinazopunjwa zaidi. Chini unahitaji vipande viwili, 1,15 na 2,45, kwa sababu kila upande wa mlango sm 15 za reli hukunjwa kwenda juu. Juu ni 4,20. Kizingiti cha juu ya mlango ni 1,20 pamoja na mikunjo yake. Jumla mita 9,00, na reli ina mita 3. Basi 3? Jaribu kuzikata: ya kwanza yote inaenda darini, ya pili inatoa 2,45, ya tatu inatoa 1,15 na 1,20. Bado darini kuna pengo la 1,20. Mabaki yako ni 0,55 na 0,65, ambayo kwa kalamu yanatimia kabisa bila milimita moja ya kukosea mkasi. Nunua 4.

Montani za mm 48 zinakaa kila sm 60. 4,20 ni nafasi 7, kwa hiyo montani 8. Mbili zinaangukia mlangoni (1,20 na 1,80) na kubaki vipande vifupi juu ya kizingiti, vinavyotoka katika mabaki. Kila ukingo wa mlango uwekwe montani mbili, mgongo kwa mgongo. Hivyo nzima ni 6 na 4, yaani 10; chukua 11. Zikatwe fupi kidogo, mm 5 hadi 10, zisije zikabana dari. Kimo cha 2,50 ndiyo mwisho wa montani hizi zikiwa moja moja. Kikipita hapo, ziwekwe mbili mbili.

Visi (skrubu) za mm 25, moja kila sm 30: kadiria 210, nunua 300. Shevili (plagi za ukutani) na visi za kushika reli na montani za ukutani: 30. Lipu ya viungio: kilo 10. Utepe: wengi huhesabu viungio tu, mita 11, wakasahau kona za dari na kuta, ambazo peke yake ni 18,40. Nunua mita 35.

Swali (Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi): Naweza kutumia shevron za mbao badala ya chuma? Idadi inabadilika?

Jibu: Inawezekana, na idadi ni ileile. Tatizo ni unyevu. Mbao zilizopasuliwa majira ya mvua na kufungwa mbichi zitanywea kiangazi kikifika. Plako itaachana na mbao, na kila kichwa cha visi kitachomoza kama kipele chini ya rangi. Kuziba kwa lipu hakusaidii kabla mbao hazijakauka. Zipange kivulini zikiwa na nafasi kati yake, zikauke kwanza. Upana wa shevron usipungue sm 4,5 mahali plako mbili zinapokutana. Visi ziwe za mm 35, zenye uzi mpana.

Swali (Msomaji wa Himbi, Goma): Ukuta wa bafu wenye mita 2,40, upande mmoja karo. Hesabu ni ileile?

Jibu: Hapana. Upande wa karo tumia plako ya kijani inayostahimili unyevu, na montani ziwe kila sm 40: nafasi 6, montani 7 badala ya 5. Visi zinaongezeka kwa kiasi hicho. Plako isigusane na sakafu. Inua sm 1, uzibe pengo kwa silikoni, la sivyo maji ya kuoga yatapanda ndani ya jasi. Na kama sinki litaning'inia hapo, funga ubao mzito kati ya montani kabla ya kufunika upande wa pili.