Barua kwa mwanangu: kumi kwa kumi haitoshi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Nimefurahi umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo huko Ufaransa, tena kwenye kiwanda cha injini za ndege, ingawa nimesikia pia ulivyonuna. Unasema mashine yao ya ukaguzi, roboti yenye kamera, ilipewa vipande kumi vyenye nyufa ikaziona zote kumi. Sasa unaniuliza, miezi sita ya kuthibitisha jambo lililo wazi ni ya nini, na kama si afadhali ungeenda kwa wale wanaoandika programu yenyewe.

Nianze na hesabu, maana kwenye hesabu huwa hunibishii. Tuseme mashine hiyo kwa kweli huona nyufa 9 katika kila 10. Ukiipa vipande kumi, ina nafasi ya asilimia 35 hivi ya kuvipata vyote. Hata iliyo dhaifu zaidi, inayoona 8 katika 10, inaweza kukuletea kumi kwa kumi karibu mara moja katika kila majaribio tisa. Ndiyo maana watu wa kazi hii wakaizoea namba 29: nyufa za ukubwa mmoja, vipande 29, bila kukosa hata kimoja. Mashine ya 9 kwa 10 hupita mtihani huo kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Ukitaka kuruhusu kosa moja tu, vipande vinapanda hadi 46. Na hapo umemaliza ukubwa mmoja wa ufa, kwenye umbo moja, kwa chuma cha aina moja. Miezi sita utaiona fupi.

Tulipokuwa tunaanza kazi ya kukagua nyufa kwa macho, kila mgeni alipenda kujisifu kwa ufa mdogo aliouona. Mzee wetu wa karakana alikuwa anamwacha amalize, kisha anamuuliza: mkubwa uliokupita ulikuwa na urefu gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, nami nikiwemo.

Wewe ulikuwa hujazaliwa mwaka 1989. Tarehe 19 Julai mwaka huo, ndege ya DC-10 ya shirika la United la Marekani, safari namba 232 kutoka Denver kwenda Chicago, ilipasukiwa diski ya feni kwenye injini ya mkiani. Vipande vilikata mifumo yote ya haidroliki, ile inayosukuma usukani wa ndege, na marubani wakaifikisha mji wa Sioux City kwa kucheza na nguvu za injini mbili zilizobaki. Walikufa watu 112, wakapona 184. Diski ile ya titani ilikuwa na kasoro iliyoingia wakati chuma kinayeyushwa, na ufa ukaota hapo, kwenye tundu la katikati. Kinachoniuma ni kwamba diski ilikuwa imekaguliwa mwaka uliotangulia kwa dawa ya kung'aa, ile inayopenya ndani ya ufa na kutokeza kwenye poda, na wachunguzi waliona kwamba siku ile ufa ulikuwa tayari na urefu wa karibu nusu inchi. Nusu inchi, mwanangu! Kwenye meza ya jikoni ungeuona bila miwani. Wachunguzi waliandika kwamba huenda diski, iliyokuwa imening'inizwa kwa kebo, haikuzungushwa vizuri ili tundu lote lionekane, au poda iliyodondoka kutoka kwenye kebo iliuficha ufa. Kwa hiyo ukiambiwa uandike taarifa kuhusu jinsi kipande kinavyoshikwa na kugeuzwa mbele ya kamera, usidharau. Roboti nayo ina mahali ambapo kishikio chake kinaziba.

Mimi pia kuna ufa mmoja ulionipita. Sijawahi kukusimulia. Ilikuwa zamu ya usiku, kwenye kile chumba cha giza, taa ya urujuanimno juu ya kichwa na trei ya tatu ya mapanga ya feni mbele yangu. Kazi yenyewe unaijua: unasafisha, unapaka dawa, unaiacha ipenye, unaosha, unakausha, unanyunyiza poda, halafu unatafuta uzi wa kijani unaong'aa. Saa ya kwanza unatafuta kweli. Saa ya sita macho yanapita tu juu ya chuma, mkono unasaini. Mwenzangu alirudia kukagua mapanga machache kwa utaratibu wa kawaida, akaniita bila kupandisha sauti, akanionyesha uzi wa milimita tatu kwenye shina la panga nililokwisha kulisaini. Ndege haikuruka nalo. Lakini nilipolala asubuhi ile nilijiuliza ni mangapi kabla yake, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na namba ya kunijibu. Nilipimwa macho kila mwaka, nikapewa cheti, lakini uwezo wangu wa kuona ufa saa ya sita haukuwahi kupimwa hata siku moja.

Basi mashine itapimwa. Sioni ubaya wala dharau ndani yake, na nakuambia kweli naionea wivu kidogo.

Ila angalia wanaipima kwa kutumia nini. Nyufa nyingi za majaribio hukatwa kwa cheche za umeme, kwa sababu ni rahisi na unaamua mwenyewe urefu. Mfereji wa namna hiyo una mdomo wazi, unanywa dawa kama sifongo. Ufa wa uchovu wa chuma, unaoota chuma kikibebeshwa mzigo tena na tena, umebanana, midomo yake imegusana, wakati mwingine umejaa uchafu wa mafuta yaliyoungua. Mashine iliyofaulu kwenye mifereji haijamwambia mtu lolote kuhusu ufa. Na vipande vyenye nyufa za kweli ni ghali, vinatumika tena na tena, dawa ya zamani ikikauka ndani ufa unaziba taratibu na hakuna anayegundua. Uliza vilisafishwa lini na kwa njia gani. Uliza pia kama kuna vipande vizima visivyo na kasoro vilivyochanganywa humo, kwa sababu mashine inayopiga kelele kila mahali nayo itaonekana ina macho makali.

Kuhusu waandishi wa programu, nenda kwao ukimaliza, sikukatazi. Wao wataisahihisha mashine kwa picha ulizowapa wewe.

Jambo moja la mwisho, nataka uniletee jibu lake. Nikiona alama nisiyoielewa, nilikuwa nachukua pamba kwenye kijiti, naichovya kidogo kwenye kiyeyusho, nafuta mara moja tu, nasubiri. Uchafu ukifutika umekwenda. Ufa unarudi: mng'ao unatokeza polepole, kwanza nukta, kisha uzi, kwa sababu dawa bado inachuruzika kutoka ndani. Kamera inapiga picha na kuendelea. Waulize huko, alama ya kutiliwa shaka ikitokea, pamba anaishika nani?

Mama yako