Maswali ya Wasomaji: Kabureta Niliyoifunga Binti Yangu Akiwa Shuleni

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na binti yangu wa miaka 16, ambaye anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Iringa, tumekuwa tukifufua Land Rover Series III ya petroli niliyoinunua Mbozi ikiwa imekaa juu ya mawe kwa miaka mingi. Kila likizo tulishinda bandani. Yeye ndiye aliyekwangua kutu yote ya chesesi, akajifunza kupima tapeti kwa fila geji, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, aliifungua mwenyewe, akapanga kila kipande juu ya karatasi yenye namba, akisema ataimalizia mwezi wa Juni. Nikashindwa kungoja. Mwezi wa Mei nilimwita fundi, tukaweka vifaa vipya, tukaifunga kama kitabu kinavyoelekeza, na gari likawaka. Binti aliporudi alilitazama, akaniambia, "Hongera baba, sasa una gari lako," na tangu siku hiyo hajakanyaga bandani. Juu ya hayo, ninapopanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na plagi zimejaa masizi. Nifanye nini ili arudi, na kabureta ina tatizo gani?
Mzazi, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Umeuliza maswali mawili, lakini dawa yake iko kwenye meza moja.

Tuanze na moshi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na unapopanda kuelekea Isyonje unaongeza mwinuko juu ya huo. Huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kati ya asilimia 15 na 20, ilhali jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli, haina habari hiyo na inaendelea kumwaga petroli kama vile gari liko pwani. Petroli inazidi hewa, haiungui yote, na ndiyo hayo masizi unayoyaona kwenye plagi. Kitabu hakikukudanganya, ila vipimo vyake si vya milimani.

Hata hivyo, usikimbilie kununua jeti. Hakikisha kwanza kwamba choki, kile kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi, inarudi mpaka mwisho, kisha fungua chujio la hewa, ambalo katika gari hilo ni bakuli lenye oili. Oili ikijazwa kupita alama au ikigeuka tope la vumbi la kiangazi, injini hukosa pumzi. Halafu itazameni kabureta yenyewe. Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye injini hizo ina ugonjwa unaojulikana: uso unaokutana na kifuniko hupinda, na mpira mdogo wa duara uliomo ndani huchakaa, hivyo petroli hupenya mahali isipotakiwa. Kifaa kipya hakiponyi uso uliopinda. Tiba yake ni kutandaza msasa laini juu ya kioo na kuusugua uso huo polepole, ukiugeuza na kuukagua, hadi ulale sawasawa. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, nayo inamtaka mtu mwenye subira kuliko ile uliyoionyesha mwezi wa Mei. Iwapo moshi utabaki baada ya hapo, tafuteni jeti kuu yenye tundu dogo kidogo, kwa sababu ile skrubu ya mchanganyiko hurekebisha mlio wa gari likiwa limesimama tu, haisaidii mlimani.

Sasa binti. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma, kwa hiyo mpita njia huona gari zima. Anayelijua gari hilo huinama kutazama chesesi, na huko chini ndiko mwanao alikolala kifudifudi na kichali likizo nzima akila kutu. Kuwaka kwa injini ndiyo ilikuwa siku yake, nawe ukaila peke yako. Najua wazee wengi wa huku hawajazoea kumwomba mtoto radhi. Mwombe hivyo hivyo, kwa maneno machache, na usimtume mama yake.

Kisha ifungue kabureta, uirudishe juu ya karatasi zile zenye namba, na umwambie ukweli kwamba gari linatoa moshi. Usimweleze sababu niliyokupa hapo juu. Amesoma shinikizo la hewa kwenye fizikia, na huenda akaifikia kabla hujamaliza chai. Akikosea kipimo, mwache akosee, kwani hasara yake ni petroli kidogo. Breki na jeki ndizo usizomwachia peke yake: gari likae juu ya stendi za chuma, na vumbi la breki za zamani lisipulizwe, bali lifutwe kwa kitambaa kibichi, maana viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu.

Barabarani utaendesha wewe, kwani sheria inataka awe na miaka 18. Mkifika Isyonje, zimeni injini pale pale, mfungue plagi na kutazama rangi: nyeusi ni petroli nyingi, kahawia ya kijivu ndiyo mnayoitafuta. Spana ya plagi aishike yeye. Wewe beba kitambaa kizito, kwa kuwa plagi zitakuwa za moto.