Msukumo wa chombo kwenye gemu: msianzie kwenye injini

Wadau mnaoanza kuendesha gemu za kuigiza za anga, mimi nilichemka mapema sana. Chombo tani 200, nikakiandikia msukumo nyutoni laki mbili kwa sababu tu namba inasikika kubwa, tumekaa zetu Sinza tunarusha dadu, dogo mmoja anasoma uhandisi akatoa simu akagawanya akasema bro hiki hata Mwezini hakinyanyuki. Na kweli, mchapuko (spidi inavyoongezeka kila sekunde) unakuja mita 1 kwa sekunde kila sekunde, Mwezi unavuta 1.6.

Kwa hiyo anza na mchapuko unaoutaka. Ukitaka abiria wajisikie kama wako Dar weka 10, zidisha kwa kilo (kilo jamani, sio tani), unapata nyutoni milioni 2. Hesabu ya sekondari hiyo, imeisha.

Balaa liko kwenye mafuta. Msukumo ni kilo unazotupa nyuma kila sekunde mara spidi zinazotoka nayo. Roketi za haidrojeni na oksijeni zinatoa gesi kama mita 4,500 kwa sekunde, so gawanya, unakula kilo 440 na kitu kila sekunde, dakika 7 na nusu umeshachoma tani 200, yaani uzito wa chombo kizima!

Utasema basi naongeza spidi ya gesi. Haya weka kilomita 1,000 kwa sekunde, mafuta yanashuka mpaka kilo 2 kila sekunde, unashangilia, halafu piga hesabu ya nguvu (nishati unayotumia kila sekunde): nusu ya msukumo mara spidi, wati trilioni 1. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, kwa hiyo umebeba mabwawa 470 hivi mgongoni, na joto likibaki ndani asilimia 1 tu ni karibu mabwawa matano yanawachemsha. Ndo maana injini ya ayoni (inatupa chembe zenye chaji kwa spidi kubwa kwa kutumia umeme) ya chombo Dawn cha NASA ilisukuma nyutoni 0.09 tu, kama uzito wa karatasi mbili za A4, ila haikuchoka, chombo kikafika Vesta 2011 na Ceres 2015, magimba mawili yaliyo kati ya Mirihi na Sumbula.

Halafu uzito unapungua njiani kadri mafuta yanavyoisha, kwa hiyo mchapuko unapanda. Daladala ya Mbagala asubuhi watu wananing'inia mlangoni sio ile ya usiku iko tupu, na injini ni ile ile. Mimi napiga hesabu ya mchapuko tenki likijaa na likiisha, katikati nakadiria, hakuna mchezaji wa kukusubiri upige hesabu za logi (logarithimu).

Ukidanganya, danganya sehemu moja. Mimi nadanganya kwenye joto, nimewaambia kuna rangi fulani inapakwa kwenye injini, wote wamekubali isipokuwa yule dogo.