Mliosoma sanaa za maonyesho, acheni kuificha shahada

Nimetoka kupitia barua za maombi ya kazi za wadogo zangu wa fani, na bora niseme kabla sijapasuka. Kuna walioisukuma shahada yao chini kabisa ya wasifu kana kwamba ni kesi ya polisi. Wengine wameandika "mbunifu, mchapakazi, ninayejiamini", maneno ambayo hata mwizi wa kuku anaweza kuyaandika. Nawapenda, lakini mnanichosha. Haya, sikilizeni.

1. Andikeni mlichofanya, kipaji tutakiona wenyewe. Kama ulisimamia jukwaa, sema uliongoza ratiba ya kundi zima, ukabana bajeti ya maleba, na pazia likafunguliwa saa iliyotangazwa. Ofisini tarehe husogezwa kila mara. Sisi tiketi zikishauzwa hatuna pa kusogeza, na meneja wa miradi akilisoma hilo atainua kichwa.

2. Msiache kitabu cha jukwaa chuoni. Hapa nitakaa kidogo.

Kazi yangu ya kwanza nje ya ukumbi ilikuwa kuratibu mikutano na hafla za shirika moja. Chuoni nilikuwa msimamizi wa jukwaa na kitabu changu kilisifiwa: mswada upande mmoja, upande wa pili kila ishara ya taa na sauti ina namba yake, yote kwa penseli ili mwongozaji akibadili mawazo tufute. Hakuna fundi aliyegusa swichi kabla ya kusikia "jiandae", kisha "twende". Sasa siku naripoti ofisini, mtu akatania, "Yule wa maigizo kafika," watu wakacheka. Nikaapa kimoyomoyo kwamba sitawapa sababu nyingine ya kucheka. Mkutano mkuu wa mwaka ulipofika sikuandika ishara hata moja, wala sikufanya mazoezi ya kiufundi. Nilichapisha karatasi yenye saa na majina, kama walivyofanya wenzangu, nikampa kila mtu nakala.

Kwenye karatasi hiyo zawadi za wafanyakazi bora zilitangulia, halafu dakika moja ya kumkumbuka mwenzetu aliyefariki mwaka ule. Mwenyekiti aliposhika kipaza sauti akageuza mwenyewe: tuanze na marehemu. Ukumbi mzima ukasimama, vichwa chini. Fundi wa sauti alikuwa ameelekezwa kwamba watu wakisimama kushangilia washindi apige muziki. Akaona wamesimama. Akapiga. Tarumbeta na ngoma zikajaa ukumbini, na mjane amekaa mstari wa mbele na mtoto wake, mkono wake ukabaki umeganda begani kwa yule mtoto. Mimi niko mlangoni, mbali na meza ya fundi, napunga mikono kama punguani. Zilikuwa sekunde chache tu, lakini nilizihesabu zote.

Mtu akinilaumia fundi namkatalia. Alifuata maagizo niliyompa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angekaa ubavuni mwake, mpangilio ukageuka, asiseme "jiandae", na muziki usingelia. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani, nikaliacha ili nisiitwe mtu wa maigizo. Nilipokwenda kumwomba radhi mjane alisema anajua sikukusudia, huku anafunga kamba ya kiatu cha mtoto. Hakuniangalia. Siku hizi naingia na kitabu na penseli hata kwenye kikao cha asubuhi, na anayetaka kucheka acheke.

3. Noti, yaani maoni ya mwongozaji baada ya mazoezi. Mlishazoea kuambiwa mbele ya kundi kwamba tendo la pili limelala. Bosi akisema ripoti imelala, andika, sema asante, rekebisha. Anayejitetea wakati wa noti mnamjua wenyewe alivyokuwa akituchelewesha.

4. Stanislavski, yule mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Urusi, alitufundisha kuuliza mhusika anataka nini na nini kinamzuia. Mteja anayefoka kwenye simu muulize hivyohivyo, ila kimyakimya. Mara nyingi anayegombana kuhusu ankara anamwogopa mkubwa wake. (Msijaribu kwa wakwe. Wanagundua.)

5. Kuna kazi zinazowataka kama mlivyo. Mwaka 1963 daktari wa neva wa Marekani, Howard Barrows, alianza kumtumia mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa ili kuwapima wanafunzi wa udaktari. Sasa ni jambo la kawaida katika vyuo vya tiba vya nchi nyingi. Kazi yenyewe ni kurudia maumivu yaleyale kwa maneno yaleyale kwa kila mwanafunzi anayeingia, kisha kutoka kwenye uhusika na kumweleza kwa upole kwamba muda wote alikuwa akiitazama fomu, mgonjwa hakumwona. Aliyecheza igizo moja msimu mzima bila kulichakachua ameshafuzu nusu ya kazi hiyo. Na Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, yule aliyemruhusu mtazamaji kusimamisha igizo na kupanda jukwaani mwenyewe kulibadilisha, alichaguliwa diwani Rio de Janeiro mwaka 1992. Akaingia na kundi lake. Wakazi waliigiza shida zao, mapendekezo yakaokotwa jukwaani, na baadhi yakapita kuwa sheria za jiji. Kwa hiyo mtu akikuuliza sanaa inaingiaje kwenye utawala, mpe jina hilo na uendelee na kazi.

6. Majedwali ya hesabu kwenye kompyuta hamyajui. Msibishe, nimeona. Jifunzeni wiki hii.

7. Kwenye usaili shusheni sauti. Kuna watu watatu na meza moja, hakuna aliyekaa viti vya nyuma.