Barua ya Masaka: baba aliyepotea vitani mwaka 1979, nasaba na mirathi

SWALI: Asalaam aleykum, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mnubi wa Bombo, hapa Uganda. Mama yangu amerejea kwa Mola wake mwezi wa Shaaban. Tulipokuwa tunagawa nguo zake, chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya gurbaba zake (nguo zetu za Kinubi), nikakuta bahasha. Ndani mna cheti cha ndoa cha mwaka 1977 chenye jina la mwanamume nisiyemjua, na barua yake iliyoandikwa Masaka tarehe 11 Februari 1979. Mwandishi anasema amefurahi kusikia mama ana mimba, na mtoto akiwa wa kike apewe jina la bibi yake. Hilo ndilo jina langu. Nilizaliwa Oktoba mwaka huo huo, upande wa Sudani. Mzee niliyemwita baba tangu nipate akili alimwoa mama kule Yei mwishoni mwa 1980. Yu hai, ana zaidi ya miaka 80, amezaa na mama na amezaa na mke wake mwingine. Mzee mmoja wa hapa anasema mwandishi huyo alikuwa askari wa Amin, kwamba yeye mzee alimwona Lukaya na hakumwona tena. Mwingine anaapa alimwona sokoni Yei mwaka 1982. Mimi ni mtoto wa nani? Ndoa ya mama ilikuwa halali? Nirithi wapi? Na nasikia askari wa Amin waliua watu, naogopa nitakachokikuta. Je, niwaambie ndugu zangu, au nichome barua maisha yaendelee?

JAWABU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na akupe subira. Barua usiichome.

Kabla ya hukumu, niruhusu nimtetee marehemu, maana kwenye swali lako nasikia uchungu unaomwelekea yeye. Jeshi la Amin liliingia Kagera, upande wa Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari 1979, siku 13 baada ya barua hiyo kuandikwa. Mapigano ya Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala pembeni ya kinamasi cha mafunjo, yalikuwa tarehe 10 na 11 Machi. Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili. Kuanzia hapo, mwanamke wa Kinubi wa Bombo, mwenye mimba ya askari wa serikali iliyoanguka, alikuwa na njia moja tu: kaskazini. Karuma, Pakwach, Arua, Koboko, kisha mpaka. Waliopita njia ile wanajua watu walivyotupa vitambulisho na kuchana picha za waume zao waliovaa magwanda, kwa sababu picha moja ilitosha kukuua. Mama yako hakuchana. Alibeba karatasi mbili ambazo zingeweza kumwangamiza, akazitunza miaka zaidi ya 40 chini ya nguo zake. Aliyetaka kukunyima baba yako asingezitunza. Alishindwa kusema, na sisi tulioishi siku zile hatumshangai.

Sasa nasaba. Wewe ni binti wa aliyeandika barua. Mtume (s.a.w.) amesema mtoto ni wa mwenye kitanda, yaani mtoto aliyetungwa ndani ya ndoa ni wa mume wa ndoa hiyo. Ndoa ni ya 1977, mimba ya 1979, na baba mwenyewe ameikiri kwa mkono wake. Hapo hakuna hitilafu ya wanavyuoni, wala huhitaji kipimo cha damu. Mzee aliyekulea ni mume wa mama yako, na ni mlezi wako ambaye malipo yake yako kwa Mola.

Najua neno hilo linauma, kwa hiyo nikukumbushe Zayd. Watu humtaja kama mtoto wa kulea wa Mtume wakasahau alifikaje Makka. Alikuwa mtoto mdogo wa kabila la Kalb. Mama yake alikwenda naye kuzuru jamaa zake, wapanda farasi wakawavamia, mtoto akachukuliwa mateka akauzwa. Akaishia kwa Bibi Khadija, naye akamzawadia Mtume. Huku nyuma baba yake, Haritha, alikuwa anaulizia kila msafara. Alipopata habari kwa mahujaji wa kabila lake alikuja na fidia mkononi, na Zayd akachagua kubaki. Akaitwa Zayd mwana wa Muhammad miaka mingi, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab: waiteni kwa baba zao, huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Siku ile Zayd akarudi kuwa bin Haritha. Je, mapenzi ya Mtume kwake yalipungua? Aliendelea kuitwa kipenzi cha Mtume mpaka alipouawa shahidi katika vita vya Muuta. Jina lilirudi kwa mwenyewe na upendo ukabaki mahali pake. Aya hiyo hiyo inasema hamna lawama kwa mlichokosea, lawama ni kwa kile ambacho nyoyo zimekikusudia. Miaka yote uliyoitwa binti wa mzee huna dhambi hata chembe. Dhambi inaanza ukijua kisha ukadai. Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni kali kwa anayejinasibisha na asiye baba yake naye anajua.

Je, ukimbie kesho kubadili kitambulisho cha taifa? Sioni haraka. Miqdad, sahaba mkubwa, baba yake ni Amr, lakini aliyemchukua kama mwana aliitwa al-Aswad, na mpaka leo vitabuni anaitwa Miqdad bin al-Aswad. Wanavyuoni walilivumilia hilo kwa sababu watu wote walijua asili yake na jina lilibaki la kumtambulisha tu. Sharti ni hilo: watu wajue. Kwa jamaa, kwa kadhi na katika mirathi utajwe kwa baba yako. Karatasi za serikali zirekebishe pole pole, kwa wakili.

Ndoa ya mama ndiyo yenye uzito wa elimu. Mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa tunamwita mafqud. Asili ni kwamba yu hai, kwa sababu uhai wake tulikuwa na yakini nao na yakini haiondolewi na shaka. Ndiyo maana Imamu Shafii, katika kauli yake ya mwisho, alisema mke asubiri mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka, kama ilivyopokewa kwa Sayyidna Ali. Sayyidna Umar yeye aliamua mke asubiri miaka 4, kisha akae eda ya mfiwa, miezi 4 na siku 10, kisha yu huru kuolewa. Hanbali wameichukua kauli hiyo kwa aliyepotea katika hali ambayo mara nyingi watu huangamia, kama kati ya safu mbili za vita. Wamaliki wametofautisha zaidi: aliyepotea katika vita vya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, eda huhesabiwa tangu siku majeshi yalipoachana, aliyepotea katika vita na wasio Waislamu, kadhi huchunguza kisha mke hungoja mwaka 1. Wazee wetu wa Kinubi walikuja na madhehebu ya Malik kutoka Sudani, na sitashangaa kama sheikh aliyefunga ndoa ile Yei alipita njia hiyo. Eda ya mama haikuweza kwisha kabla hujazaliwa, na ndoa ilifungwa zaidi ya mwaka baada ya wewe kuzaliwa.

Basi msimamo wangu ni huu: ndoa iliyofungwa hadharani, na sheikh, na mashahidi, na mwanamke mkimbizi mwenye mtoto mgongoni asiye na habari ya mumewe, hatuifumui akiwa kaburini. Hata yule anayeona muda ulikuwa mfupi, watoto waliozaliwa humo ni halali kwa kauli ya wote, kwa sababu wazazi waliamini ni ndoa. Wadogo zako wa tumbo la mama wasibebeshwe neno lolote. Atakayewasema, mwambie aogope hukumu ya mwenye kusingizia watu.

Nije kwa wale mashahidi wawili. Kaa na kila mmoja peke yake, uandike maneno yake kama yalivyo. Yule wa Lukaya muulize: uliona mwili? Uliona amepigwa? Au ulimwona anapanda lori na baada ya hapo hukumwona? «Sikumwona tena» si ushahidi wa kifo. Usiku ule hata waliookoka walitawanyika vinamasini. Wa Yei naye muulize: mlisalimiana? Alikuita kwa jina? Ulimwona usoni au mgongoni? Sokoni kwenye wakimbizi, kila aliyepotelewa humwona mtu wake mara moja. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyemfuata mwanamume sokoni nusu siku kwa sababu ya mwendo wake tu, na alipogeuka alikuwa mtu mwingine kabisa. Simwiti mzee huyo mwongo. Nasema aulizwe vizuri. Halafu tafuta watu wa kikosi chake waliobaki Arua, Koboko na Yumbe, wengi wao sasa ni wazee sana. Nenda pia Msalaba Mwekundu, kazi yao moja ni kutafuta watu waliotenganishwa na vita, na hawatozi kitu.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Kwa sababu mirathi yote inaning'inia hapo. Ikithibitika alikufa Lukaya Machi 1979, warithi wake ni waliokuwa hai siku ile: mama yake kama alikuwepo, sudusi yake (moja ya sita), mama yako, thumuni yake (moja ya nane), ambayo leo ni ya warithi wake, na wewe uliyekuwa tumboni, kwa sababu mimba huwekewa fungu lake mpaka izaliwe hai. Isipothibitika, kadhi atatoa hukumu ya kumhesabu amekufa, na warithi watakuwa walio hai siku ya hukumu. Mama yako hayumo, bibi yako hayumo. Mali ile ile, karatasi ile ile, wenyewe wanabadilika kwa sababu ya tarehe. Katiba yetu ya 1995 imezitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto, na makadhi wetu wanazisikiliza kesi hizi. Mpelekee. Mimi nakupa fatwa tu, hukumu ni yake.

Kwa mama yako unarithi kama binti yeyote. Kwa mzee, hapana. Akiondoka leo ukapewa fungu la binti, utakuwa umekula haki ya wanawe, hata wakikupa kwa mapenzi bila kujua. Lakini yu hai, na mlango uko wazi: anaweza kukupa zawadi sasa, au kukuusia mpaka thuluthi ya mali yake. Wewe si mrithi wake, kwa hiyo wasia kwako unafaa.

Kwake yeye hulazimiki kujifunika. Surat an-Nisaa aya ya 23 imemharamishia mume binti wa mkewe aliyemwingilia, kwa hiyo ni maharimu wako milele, mhudumie, mbusu mkono kama zamani. Wanawe kwa mke wake mwingine ndio wasio na damu nawe. Hapa kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria: ulipofika nyumba ile ulikuwa na mwaka na miezi. Kambini wanawake walinyonyeshana watoto. Mke mwenza wa mama yako, ikiwa yu hai, muulize kwa upole: uliwahi kuninyonyesha? Ikiwa alikunyonyesha mara 5 za kushiba kabla hujatimiza miaka 2, kwa maziwa ya uzazi wa mzee, basi mzee ni baba yako wa kunyonya na wanawe ni kaka zako, hulazimiki kujifunika kwao. Kunyonya hakuleti mirathi, lakini nyumba yenu itabaki kama ilivyokuwa.

Ndugu zako waambie. Sababu si mali peke yake. Askari wale wengi walikuwa na wake zaidi ya mmoja, na sisi Bombo, Arua na Koboko tunaoana wenyewe kwa wenyewe. Una watoto wanne. Huwezi kumposea mwanao bila kujua ndugu zako wa baba ni akina nani. Lakini anza na mzee. Nenda alasiri, akiwa peke yake, umtilie chai, umwekee ile bahasha mbele yake na umwache aseme. Yeye anajua mengi kuliko wewe, naye huenda amekaa kimya kwa ahadi aliyompa mkewe. Anayestahili kuwaita wenzako na kuwasimulia ni yeye, nawe ukiwa ubavuni pake.

Kuhusu unachoogopa kukikuta: Mola amesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Alichokifanya au asichokifanya baba yako akiwa askari, hesabu yake iko kwake aliyemuumba. Wako ni kumwombea, na hilo anza leo usiku. Sala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti asiyekuwepo, ngoja kwanza kadhi aamue.

Barua usiigundishe kwa plastiki wala kuinyoosha kwa pasi. Mtoto wako akupigie picha ya pande zote mbili, kisha uirudishe humo humo ndani. Bahasha kama ina muhuri wa posta, kadhi atataka kuuona kwa macho yake.